Red: Santuri Nzito Inayokungojesha

Je, wajua kwamba Red, mojawapo ya santuri nzito kabisa za roki ya miaka ya 1970, iliingia madukani wakati bendi yake imekwisha kuvunjika? King Crimson wa Uingereza waliirekodi London katikati ya mwaka 1974. Septemba kiongozi wao, mpiga gitaa Robert Fripp, akaivunja bendi. Oktoba santuri ikatoka. Walikuwa wamebaki watatu: Fripp, John Wetton aliyeimba na kupiga besi, na Bill Bruford kwenye dramu. Nchini kwao ilifika nambari 45 tu kwenye chati ya santuri.

Uzito wa santuri hii hautokani na kelele. Ni kweli, amplifaya imesukumwa kupita kiasi, hata vilele vya mawimbi ya umeme vikakatika, na kukatika huko huzaa sauti za ziada zinazozifanya noti mbili zisikike kama kundi zima. Hata besi ya Wetton inakwaruza. Lakini mbinu hiyo bendi nyingi zilikuwa nayo. Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la santuri na hauna maneno, unaelemea zaidi kwa sababu umeegemea noti mbili zilizoachana kwa nusu kamili ya oktava. Sikio linatafuta pa kutua, halipati.

Utamu wenyewe uko mwishoni, katika "Starless", wimbo wa dakika 12. Zile fidla nyingi za mwanzo si za okestra. Ni Mellotron, kinanda ambacho kila kibonyezo kina utepe wake wa sumaku wenye sauti ya ala halisi iliyorekodiwa. Ukibonyeza, utepe hupita kwenye kichwa cha kusomea kwa sekunde kama 8, kisha springi huurudisha. Noti haiwezi kushikiliwa zaidi ya hapo, na nadhani ufupi huo ndio unaoipa huzuni yake.

Wetton akimaliza kuimba, karibu kila kitu kinaondoka. Inabaki besi ikizunguka katika mapigo 13, mstari uliotungwa na Bruford, mpiga dramu! Juu yake Fripp anarudiarudia noti ileile, kisha anapanda kidogo, anarudiarudia tena. Bruford anaanza kwa kugonga hapa na pale, halafu anazidisha. Kwa zaidi ya dakika nne bendi inakaza bila kuachia. Inapoachia, mwendo unaongezeka ghafla, saksafoni zinapaa, na hatimaye ule muziki wa mwanzo unarudi, safari hii wote wakiupiga kwa nguvu zao zote.

Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Waliona dopamini, kemikali ya raha, ikimwagika katika sehemu moja ya ubongo msikilizaji akiwa bado anangojea kilele, na katika sehemu nyingine kilele kinapofika. Kungojea kwenyewe, basi, kuna raha yake, na sijui wimbo wa roki unaoitumia siri hiyo kwa ujasiri kuliko huu.

Kwa hiyo usiruke mbele kutafuta kilele. Weka spika nzuri, acha mapigo yale 13 yakuchoshe kidogo, na fuatilia noti ya Fripp kila inapopanda.