Je, Wajua? Singapore na Hesabu ya Maji

Je, wajua kwamba Singapore hupata takriban milimita 2,400 za mvua kwa mwaka, lakini ilipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965 haikuweza kuishi bila maji ya Johor, jimbo la Malaysia ng'ambo ya mlango-bahari? Mvua ilikuwepo, mahali pa kuihifadhi ndipo palipokosekana.

Je, wajua kwamba wazee wa huko walishaonja shida hiyo? Mwishoni mwa Januari 1942 majeshi ya Uingereza, yakiwakimbia Wajapani, yalilipua tuta la kuvukia bara, na bomba la maji lililopita juu yake likakatika. Wiki mbili baadaye mji ukasalimu amri. Mwaka 1963 ukaja ukame, na mgawo wa maji ukadumu miezi 10.

Je, wajua kwamba mtambo wa kwanza wa majaribio ya kusafisha maji taka yarudi kutumika ulijengwa 1974, ukafungwa kwa sababu ya gharama kubwa na vichujio visivyotegemeka? Wazo halikuzikwa. Teknolojia ilipokuwa nafuu, wahandisi walilirudia. Tarehe 9 Agosti 2002, kwenye sherehe za taifa, Waziri Mkuu Goh Chok Tong aliyanywa maji hayo, yaitwayo NEWater, pamoja na maelfu ya wananchi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: kiongozi anayetaka watu wayaamini maji, na ayanywe mbele yao. Leo sehemu kubwa ya NEWater huenda viwandani, hasa vinavyotengeneza chipu za kompyuta.

Je, wajua kwamba mwaka 1977 Lee Kuan Yew, Waziri Mkuu wa wakati huo, alidai Mto Singapore, uliokuwa ukinuka uozo, usafishwe ndani ya miaka 10? Ulisafishwa. Lakini wafugaji wa nguruwe na bata, wachuuzi na wenye mashua walihamishwa, na jasho lao lastahili kutajwa kila mradi huu unaposifiwa.

Leo maji ya mto huo huishia katika bwawa la Marina, katikati ya jiji, lililozibwa kwa ukuta uliozinduliwa 2008. Mvua kubwa ikinyesha bahari ikiwa imekupwa, milango tisa ya chuma hulazwa maji yatoke. Bahari ikiwa imejaa, pampu huyasukuma nje. Ukuta huo mmoja huhifadhi maji ya kunywa na kuzuia mafuriko.

Je, wajua kwamba 2017 serikali ilitangaza kupandisha bei ya maji kwa asilimia 30, kwa awamu mbili? Wananchi walinung'unika, na haki yao. Lakini mabomba na mitambo hulipiwa kabla ya kiu kufika.

Na mikataba ya kununua maji ya Johor je? Wa 1961 uliisha 2011, bila nchi kutikisika. Wa 1962 utaisha 2061. Tayari kiwanda cha Marina East husafisha maji ya bahari wakati wa kiangazi na maji ya bwawa mvua ikinyesha. Mitambo yake mingi imefukiwa chini ya ardhi. Juu pameoteshwa nyasi, na watu hupumzika hapo.