Ratiba Imetoka, Meli Bado Iko Gatini

Majira ya joto ya mwaka 2024, mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, walikuwapo abiria waliokuwa wakienda melini kila asubuhi kama watu wanaokwenda kazini. Walikula humo, wakatazama sinema, wakapiga soga juu ya sitaha siku jua lilipojitokeza, na jioni wakashuka kurudi hotelini kulala. Meli haikutoka. Iliitwa Villa Vie Odyssey, na kwa mujibu wa ratiba ilipaswa kung'oa nanga mwishoni mwa Mei, izunguke dunia kwa miaka mitatu na nusu, ipite bandari zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 140. Belfast peke yake ilikula miezi minne.

Napenda kusoma ratiba mpya za kampuni ndogo za meli za kitalii, japo pesa ya kupanda hata moja sina. Kampuni kubwa huzunguka kwenye bandari zilezile kila mwaka. Ndogo lazima itafute pa kujitofautisha, basi utakuta visiwa ambavyo hata mwalimu wa jiografia angeomba muda avitafute. Na ratiba ikitoka, maneno ya wasafiri huyajua kabla hawajafungua kinywa. Kwa nini Zanzibar tumepewa saa sita tu? Mbona tunafika Istanbul usiku? Siku tano mfululizo bila kuona nchi kavu, tutafanya nini? Lakini pembeni wapo wachache, mara nyingi wazee waliokwisha kusafiri sana, ambao hawataji bandari hata moja. Wanauliza: meli yenyewe ni ipi? Ilijengwa lini? Ni yenu au mnakodi? Mara ya mwisho ilipandishwa chelezoni mwaka gani? Watu hawa huonekana wanoko, wamekuja kuharibu karamu ya wenzao.

Kumbe wanapiga hesabu tu. Kampuni yenye meli ishirini, moja ikiharibika, abiria watahamishiwa nyingine au watarudishiwa pesa, na mwaka utakwisha. Kampuni ya meli moja ni kama mama ntilie mwenye sufuria moja: likitoboka, siku hiyo hakuna wali. Tena mkataba wa tiketi za meli, ule wa herufi ndogo ambao hausomwi na mtu, karibu kila mara humpa mwenye meli haki ya kubadili njia au kuruka bandari bila kudaiwa fidia kubwa. Kwa hiyo orodha ya bandari ni nia. Meli ndiyo mali.

Mwaka mmoja kabla ya kisa cha Belfast lilitokea jambo linaloonyesha kwa nini hesabu hiyo ina maana. Machi 2023 kampuni ya Life at Sea, tawi la Miray ya Uturuki, ilitangaza safari ya miaka mitatu itakayoanza Istanbul tarehe 1 Novemba mwaka huohuo: bandari 375, nchi 135. Chumba cha bei ya chini kilikuwa kama dola 30,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: dola 2,500 kwa mwezi, chakula ndani yake. Mstaafu wa Marekani akiweka hapo kodi ya nyumba, bili za umeme, gari na duka la vyakula, anaona bahari ni rahisi kuliko mtaani kwake. Ndiyo maana itikio lilikuwa kubwa. Wapo waliouza nyumba. Wapo waliogawa fanicha kwa watoto wao na kuacha kazi.

Mwanzoni iliyotajwa ilikuwa meli ya Miray yenyewe, Gemini. Kisha ikaonekana haifai kwa safari ndefu kiasi hicho, ikaamuliwa inunuliwe kubwa zaidi, AIDAaura, iliyokuwa mali ya Wajerumani. Angalia mpangilio huo: tarehe imetangazwa, vyumba vinauzwa, meli ndiyo kwanza inatafutwa. Siku ya kuondoka ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mahali pa kuondokea pakahamishwa kutoka Istanbul kwenda Amsterdam. Katikati ya Novemba, AIDAaura ikanunuliwa na Celestyal, kampuni ya Ugiriki. Siku hizohizo abiria wa Life at Sea wakaambiwa safari haipo. Mmiliki alieleza kwamba wawekezaji walijiondoa kwa sababu ya machafuko ya Mashariki ya Kati. Baadhi ya abiria walikuwa wameshafika Istanbul na masanduku yao.

Sioni kama hawa walikuwa wajinga. Walinunua kitu ambacho sisi sote hununua, tarehe iliyoandikwa kwa ujasiri. Hata miradi ya serikali zetu huanza na tarehe ya kuzindua, na mkandarasi hutafutwa baadaye.

Mikael Petterson, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Life at Sea kabla ya kuachana nayo mwaka huo wa 2023, ndiye aliyeanzisha Villa Vie. Safari hii meli ilinunuliwa kweli. Ilikuwa Braemar ya kampuni ya Fred. Olsen, na ina historia inayostahili makala yake yenyewe. Ilijengwa Valencia, Hispania, ikakamilika 1993. Mwaka 2008 ilikatwa katikati huko Hamburg, ikatiwa kipande kipya cha mita 31, ikashonwa upya. Oktoba 2019 ilipita katika mfereji wa Corinth, Ugiriki, ikawa meli ndefu kuliko zote zilizowahi kupita humo. Upana wake ni mita 22.5 na mfereji una mita 24. Machi 2020 ilikuwa Karibi na wagonjwa wa korona ndani, bandari moja baada ya nyingine zikiifungia mlango, mpaka Kuba ikaipokea Mariel na abiria wakasafirishwa kwa ndege kurudi Uingereza. Baada ya hapo ikalazwa Scotland.

Hapo kwenye kulazwa ndipo penye kisa. Gari likikaa uani miaka mitatu, unajua utakachokuta: betri imekufa, mipira imekauka, panya wameshazaa chini ya boneti. Meli ni hivyo hivyo, ila kila kitu chake ni kikubwa, na haiwezi kuondoka mpaka wakaguzi waridhike na kutoa vyeti. Ilipopandishwa chelezoni kwa Harland & Wolff, watengenezaji walewale wa Titanic, ikaonekana mihimili ya usukani inahitaji kazi kubwa. Huwezi kuingia dukani ukaagiza mhimili wa usukani wa meli ya 1993. Na kwenye chombo kikuukuu, fundi akimaliza hapa anagundua pale. Kila wiki kulikuwa na tarehe mpya ya kuondoka, na kila wiki tarehe ikapita.

Lakini abiria wengi hawakuondoka. Kampuni ilikuwa ikilipia hoteli na chakula, na ikawapa wengine safari fupi za Ulaya wakisubiri. Walikuwapo waliokwisha kununua chumba kabisa, haki ya kukaa humo miaka kumi na mitano, kwa bei iliyoanzia karibu dola 100,000 mbali na ada ya kila mwezi, na mtu aliyelipa hivyo hana haraka ya kukata tamaa. Nadhani hata hivyo kilichowashika zaidi ni kwamba meli ilikuwapo. Waliigusa. Waliona vyumba vyao, wakasikia nyundo chini. Wale wa Istanbul walikuwa na barua tu. Mtu anayesubiri mbele ya chungu kinachochemka hulalamika, ndiyo, ila hasemi amedanganywa.

Sisi wa pwani ratiba hizi tunazisoma kwa jicho la pili, jicho la bandari. Meli ya kitalii inapotajwa kuja Mombasa, wapo wanaoandika tarehe hiyo ukutani: dereva wa teksi, mwongoza watalii wa Fort Jesus, mchonga vinyago wa Changamwe, mama anayekodisha khanga kwa wacheza ngoma wa gatini. Hao hawamo kwenye mkataba wowote. Tarehe 5 Novemba 2005, Seabourn Spirit, meli ndogo ya anasa yenye nafasi ya abiria 208, ilikuwa njiani kutoka Alexandria kuja Mombasa ilipovamiwa alfajiri na maharamia katika pwani ya Somalia. Walifyatua makombora ya begani. Nahodha akageuza chombo, akaongeza mwendo, akawatoroka, kisha akaelekea Ushelisheli. Abiria walipona na walikuwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Mombasa haikuona mgeni. Miaka iliyofuata, uharamia ukiendelea, kampuni nyingi ziliifuta Afrika Mashariki katika ratiba zao, na hilo halikuhitaji tangazo lolote. Jina lako linakosekana tu kwenye orodha ya msimu ujao. Mwisho wa 2023, mashambulizi ya Wahouthi yalipoanza Bahari ya Shamu, ilikuwa zamu ya bandari za kule kukosekana.

Manahodha wa majahazi walikuwa na namna yao ya kutangaza safari. Ukimuuliza mmoja anaondoka lini kwenda Maskati, hakukupa tarehe. Alisema kusi likishika. Na ukimuuliza atarudi lini, alisema kaskazi. Ratiba ya namna hiyo huwezi kuiuza kwa dola 30,000, wala kuichapa kwa rangi. Hata hivyo mtu aliyeisikia alijua cha kufanya na mke wake na deni lake la dukani. Watu wa Kigoma nao walijifunza somo hilohilo kwa MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: ulikuja ufukweni na mkeka, chakula cha siku mbili na mtoto aliyekwisha kulala, kwa sababu tarehe ilikuwa ya ofisini lakini honi ilikuwa ya meli.

Villa Vie Odyssey iliondoka gatini jioni ya Septemba 30. Watu waliokuwa wakilala hotelini miezi minne walisimama kwenye sitaha, wengine wakipunga mikono, wengine wakilia. Ikatoka mpaka kwenye ghuba ya Belfast, ikasimama: kulikuwa na makaratasi ambayo hayajakamilika. Taa za mji zilionekana bado. Siku chache baadaye makaratasi yakapatikana, ikashika njia ya kusini. Ilikuwa Oktoba tayari, kiangazi cha kaskazini ya Ulaya kimeshapita, na ratiba ya bandari za kule ikabidi iandikwe upya.