Johera: Waumini wa Kisumu walioomba mwongozo wakajikuta nje ya kanisa

KATIKA lugha ya Dholuo, Dala Hera ni boma la upendo. Hilo ndilo jina la makao makuu ya Church of Christ in Africa, yaani Kanisa la Kristo katika Afrika, mjini Kisumu. Waumini wake wanajulikana zaidi kama Johera, watu wa upendo. Ajabu ni kwamba boma hilo la upendo lilizaliwa katika ugomvi, tena ugomvi uliowagawanya watu waliokuwa wakisali pamoja kila Jumapili.

Ili kuelewa yaliyotokea ni sharti kurejea Maseno, karibu na Kisumu, ambako wamishenari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo chao mwaka wa 1906. Kutoka hapo injili na elimu vilienea kwa pamoja katika Nyanza. Aliyebatizwa alisoma, na aliyesoma alikuwa mwalimu, karani au katekista. Kwanza eneo hilo lilikuwa chini ya askofu wa Uganda. Kuanzia mwaka wa 1921 likahamishiwa dayosisi ya Mombasa, iliyotanda kutoka pwani hadi ziwani. Muumini wa Nyanza aliyekuwa na lalamiko alikuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia askofu wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 likaingia wimbi la uamsho. Wimbi hilo lilikuwa limeanzia Gahini nchini Rwanda, likapitia Uganda na kusambaa Afrika Mashariki yote. Wahubiri wake walisisitiza kuokoka, kuungama dhambi mbele ya wenzao na kutakaswa kwa damu ya Yesu. Kwa sababu ya mafundisho hayo ya damu, baadhi yao katika Nyanza waliitwa Joremo, watu wa damu.

Haifai kuudharau uamsho huo. Watu wengi waliacha ulevi, wakarudisha mali waliyoiba na kupatana na maadui wao wa jadi. Hata hivyo, ulikuja na makali yake. Mtu aliyekuwa amebatizwa na kupewa kipaimara miaka mingi iliyopita angeweza kuambiwa na kijana kwamba hajaokoka. Makasisi walikemewa hadharani kwa dhambi za siri. Kanisani kukawa na makundi mawili: waliookoka, na wale waliotazamwa na wenzao kama Wakristo wa jina tu.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa Johera mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiongozi wao alikuwa kasisi wa Kianglikana, Matthew Ajuoga. (Jina hilo katika Dholuo lina maana ya mganga, jambo ambalo halikumzuia mwenyewe kuvaa kanzu ya kasisi.) Ikumbukwe kwamba Johera hawakuanza kama kanisa jipya. Walikuwa kundi la sala ndani ya kanisa la zamani, na ombi lao lilikuwa kwamba Mungu awaonyeshe namna ya kukaa na ndugu waliowahukumu.

Jibu walilojiona wamelipata lilitoka katika kitabu. Agano Jipya lilikuwa limechapishwa katika Dholuo mwaka wa 1926, lakini Biblia nzima ilikamilika mwaka wa 1953. Sasa msomaji wa kawaida alikuwa na Maandiko yote mikononi mwake, katika lugha ya mama yake, bila mkalimani. Ajuoga na wenzake walivutiwa na neno moja hasa, hera, upendo wa ndugu kwa ndugu. Wakalichukua kama kipimo. Waliwapima kwacho ndugu wa uamsho, na wakawapima pia wamishenari waliowafundisha kusoma. Kwa maoni yao, wote walipungua.

David Barrett, mmishenari wa CMS aliyefanya kazi miongoni mwa Waluo kuanzia miaka hiyo ya mtengano, alilipa jambo hilo uzito mkubwa. Katika kitabu chake Schism and Renewal in Africa cha mwaka wa 1968, alichunguza maelfu ya makundi yaliyojitenga barani Afrika. Alihoji kuwa Biblia katika lugha za wenyeji iliwapa Waafrika mamlaka ya kuwahukumu wamishenari kwa maneno ya wamishenari wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haielezi kila kitu. Watu hawaondoki kanisani kwa sababu ya neno moja; huondoka wanapoona kwamba hakuna anayewasikiliza.

Wakati nao haukuwa mwema. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau, na kwa miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ilitazama kwa jicho la shaka mikutano ya Waafrika isiyosimamiwa na wazungu. Kundi la dini lisiloandikishwa lilikuwa hatarini kuonekana kama chama cha siasa. Kwa hivyo Johera walikabili maswali mawili kwa wakati mmoja: je, Mungu anawataka wabaki au watoke? Na wakitoka, je, serikali itawaruhusu kusali?

Hapo ndipo penye ugumu ambao historia ya kanisa haiwezi kuukwepa. Upande wa uamsho pia ulikuwa ukisali. Askofu Leonard Beecher alisali, na msaidizi wake Festo Olang', Mwafrika aliyewekwa wakfu mwaka wa 1955, alisali vilevile. Kila upande uliinuka kutoka magotini ukiwa na hakika.

Mwaka wa 1957 Johera walitoka. Makasisi kadhaa na maelfu ya waumini waliandamana na Ajuoga, na Januari 1958 kanisa lao likaandikishwa rasmi. Walikuwa wameiacha nyumba ya kiroho waliyobatizwa ndani yake, pamoja na jina la Kianglikana lililokuwa na uzito serikalini na shuleni.

Mgeni angetarajia ibada mpya kabisa, lakini sivyo. Johera walihifadhi taratibu za sala za Kianglikana, mavazi ya makasisi, na cheo cha askofu, ambacho Ajuoga alikuja kukishika. Hawakuwa na ugomvi na kitabu cha sala. Wanahistoria F. B. Welbourn na Bethwell Ogot, waliowachunguza Johera pamoja na African Israel Church Nineveh, walikiita kitabu chao cha mwaka wa 1966 A Place to Feel at Home, yaani mahali ambapo mtu hujihisi nyumbani. Hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Kanisa mama nalo halikubaki lilivyokuwa. Mwaka wa 1961 Maseno ikawa dayosisi, na Olang' akawa askofu wake. Mwaka wa 1970 akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Waanglikana wa Kenya. Kwa upande wao, Johera hawakukaa kwa amani muda mrefu. Mwaka wa 1960, miaka miwili tu baada ya kuandikishwa, kundi jingine lilijitenga nao na kuanzisha Holy Trinity Church in Africa.