Ibrahimu alihesabiwa haki lini?



Juma hili tunasoma pamoja sura ya 4 ya Waraka kwa Warumi. Lakini kwanza tuseme kwa nini tumeichagua.

Katika kanisa moja tunalolitumikia kulikuwa na mchango wa mabati. Kila mkristo alitoa ahadi yake, na kila Siku ya Mungu karatasi yenye majina ya waliotimiza ahadi ilisomwa mbele ya wote. Mama mmoja mjane, anayeuza ndagala sokoni, alikuwa ameahidi mabati mawili. Mtoto wake akaugua, mtaji wote ukaishia kwenye dawa, na mama akaacha kuja ibadani. Tulipomtembelea alituambia: “Mchungaji, jina yangu haiko kwa ile karatasi. Nitamuomba Mungu na kinywa gani?”

Angalieni vizuri neno hili. Mama hakusema tu kwamba ana deni la mabati. Alisema hana kinywa mbele za Mungu. Na ni nani aliyemfundisha hivyo? Ni sisi. Kwa midomo tulihubiri neema, lakini kwa karatasi tulihubiri matendo, na karatasi ndiyo iliyosikika.

Kwa hiyo somo hili linatuhusu sisi wachungaji kwanza, kisha ninyi wote.

Neno la kaye ya madeni

Katika Warumi 4 Paulo anarudia neno moja: kuhesabiwa. Katika Kiyunani, lugha aliyoiandikia, neno hilo liko mara 11 katika sura hiyo peke yake. Ni neno la hesabu. Kila anayekopa dukani analijua jambo lenyewe. Mwenye duka ana kaye yake; kuna ukurasa wenye jina lako, na hapo anaandika ulichochukua na ulicholipa. Swali la Paulo ni hili: katika ukurasa wa Ibrahimu, Mungu aliandika nini, na kwa sababu gani?

Mstari wa 3 unajibu kwa kurudi Mwanzo 15:6. Ibrahimu alimwamini Mungu, naye akahesabiwa haki.

Halafu katika mstari wa 4 na wa 5 Paulo anatuonyesha watu wawili. Wa kwanza ni mtu wa kibarua. Amelima tangu asubuhi mpaka jioni. Mwenye shamba anampa mshahara wake. Je, hiyo ni zawadi? Hapana, ni haki yake. Kama asipopewa, atasimama mlangoni na kudai. Sasa fikirini: kama tungepata haki kwa njia hiyo, Mungu angekuwa mdeni wetu, na sisi tungesimama mlangoni pake tukidai. Tungesema: tumefunga siku 21, tumelipa fungu la kumi, tumekesha usiku kucha, basi utupe chetu.

Mtu wa pili hana cha kudai. Anamwamini Mungu anayemhesabia haki mtu asiye mtauwa. Tusipite haraka hapo. Paulo hasemi kwamba Mungu humhesabia haki mtu aliyejitahidi kiasi, au aliyebakiza kidogo tu. Anasema: mtu asiye mtauwa. Yesu alifundisha jambo hilohilo katika Luka 18. Farisayo alifunga mara mbili kwa juma na kutoa sehemu ya kumi ya mapato yake yote. Mtoza ushuru alikuwa na kilio tu. Lakini mtoza ushuru ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki.

Je, Mungu anafumba macho?

Mtu anaweza kuuliza: basi Mungu ni kama hakimu anayemfungulia mwenye kosa kwa sababu anamjua mkubwa fulani? Jambo hilo tunalijua, na linatuumiza. Hapana. Mungu hafuti deni kwa kujifanya hakuliona. Warumi 3:25-26 inasema kwamba aliitoa damu ya Kristo ili yeye mwenyewe aonekane kuwa mwenye haki, wakati uleule anapomhesabia haki amwaminiye Yesu. Deni limelipwa. Hakulilipa mwenye deni.

Someni waraka mfupi wa Paulo kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa, anarudi kwa bwana wake. Paulo anaandika kwa mkono wake mwenyewe: kama amekudhulumu au ana deni lako, liandike juu yangu mimi. Kwa mfano huo tunaweza kuelewa kazi ya Kristo. Deni letu liliandikwa katika ukurasa wake, na haki yake ikaandikwa katika ukurasa wetu (2 Wakorintho 5:21).

Na imani? Imani si mshahara wa aina nyingine. Siku hizi wako wahubiri wanaowaambia wagonjwa: hukupona kwa sababu imani yako ni ndogo, ongeza imani. Hapo imani imegeuzwa kuwa kazi, tena kazi nzito kuliko zote. Lakini imani ni mkono unaopokea. Mkono wa mgonjwa unaotetemeka hupokea dawa ileile ambayo mkono wenye nguvu ungepokea, na kinachoponya ni dawa. Kama imani yako inatetemeka, mtazame Kristo anayepokelewa, usiupime mkono.

Hesabuni miaka

Sasa tufike kwenye swali letu. Katika Warumi 4:10 Paulo anauliza: Ibrahimu alihesabiwa haki lini? Alipokuwa amekwisha kutahiriwa, au kabla? Chukueni Biblia zenu na mfuate.

Katika Mwanzo 15 anahesabiwa haki. Bado anaitwa Abramu, na hana mtoto.

Katika Mwanzo 16 anazaliwa Ishmaeli. Abramu ana miaka 86.

Katika Mwanzo 17 Ibrahimu anatahiriwa. Ana miaka 99, na Ishmaeli ana miaka 13.

Basi, tangu kuhesabiwa haki mpaka kutahiriwa ilipita miaka 13 au zaidi. Na sheria ya Musa? Wagalatia 3:17 inasema ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Siku ile Ibrahimu alipohesabiwa haki hakuwa na tohara, hakuwa na sheria, hakuwa na hekalu. Alikuwa na neno la Mungu, na aliliamini.

Tena hakuwa mtu asiye na doa. Katika Mwanzo 12, kule Misri, aliogopa akasema mke wake ni dada yake. Ajabu ni kwamba katika Mwanzo 20, baada ya kuhesabiwa haki, alirudia uongo uleule kwa Abimeleki. Biblia haimsifu kwa hilo. Alikemewa, na na mtu wa mataifa. Lakini hatusomi popote kwamba Mungu alirudi kwenye Mwanzo 15 na kufuta alichokuwa ameandika.

Na Yakobo je?

Ndugu wengi wanatuuliza: mbona Yakobo 2 inasema kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa matendo? Je, mitume wanapigana?

Angalieni tukio ambalo Yakobo analitaja. Si Mwanzo 15. Ni Mwanzo 22, siku Ibrahimu alipompeleka Isaka mlimani. Wakati huo Isaka alikuwa amekwisha kuwa kijana wa kuweza kubeba kuni. Ilikuwa miaka mingi baada ya ile siku ya kwanza. Yakobo mwenyewe, katika 2:23, anasema kwamba kwa tendo lile andiko la Mwanzo 15 lilitimizwa. Paulo anazungumza juu ya mti unavyopandwa. Yakobo anazungumza juu ya mti unavyotambulikana. Mwembe haupati uhai kwa sababu umezaa maembe. Unazaa kwa sababu una uhai. Lakini ukikauka miaka na miaka bila jani wala tunda, majirani wana haki ya kuuliza kama ulikuwa hai. Imani inayosema tu, huku ndugu analala njaa mlangoni, Yakobo anaiita maiti.

Utaratibu huo uko pia katika Waefeso 2. Mstari wa 8 na wa 9 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo. Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Matendo yamo, lakini yanakuja nyuma. Hata kwa Zakayo ilikuwa hivyo. Yesu alimwita kwa jina na kusema atashinda nyumbani mwake. Baada ya hapo ndipo Zakayo alisema atatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne. Yesu hakusimama chini ya mti akingoja arudishe kwanza.

Kwa hiyo anayesema, “Kama ni imani tu, basi tutende dhambi,” hajaelewa. Paulo alilijibu swali hilo katika Warumi 6. Mtoto hamheshimu baba ili awe mtoto. Anamheshimu kwa sababu ni mtoto. Na yule mtumishi wa siku, hata akifanya kazi vizuri, jioni hurudi kwake.

Karatasi ya zamani

Jambo la karatasi si jipya. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, katika Ujerumani, wahubiri walizunguka wakiuza hati za kupunguziwa adhabu za dhambi. Sehemu ya feza hizo ilikwenda kujenga kanisa kubwa la Mtakatifu Petro huko Roma. Watu maskini walinunua kwa ajili yao na kwa ajili ya wafu wao. Mtawa mmoja, Martin Luther, mwalimu wa Biblia katika mji wa Wittenberg, aliandika hoja 95 kupinga biashara hiyo, tarehe 31 Oktoba 1517. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, amekesha na kuungama mpaka kuchoka, bila kupata amani. Aliipata aliposoma Warumi 1:17, pale Paulo anapotaja neno la nabii Habakuki kwamba mwenye haki ataishi kwa imani.

Hatusemi haya ili kuwashambulia ndugu zetu Wakatoliki. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri la Ulimwengu walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili la kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa kustahili kwetu. Tunasema haya kwa sababu yetu sisi. Inawezekana Mpentekoste amcheke mtu wa mwaka 1517 aliyenunua hati, na huku naye ana karatasi yake ya mabati.

Tufanye nini?

Sisi wachungaji, tutubu. Nyumba ya Mungu inahitaji mabati, na sadaka ni ibada, hatuwezi kuiacha. Lakini mchango si mlango wa mbinguni. Katika kanisa lile majina hayasomwi tena. Mweka hazina ana kaye yake, nayo inabaki sandukuni.

Wewe unayejivunia matendo yako, jiulize: kama leo ungeugua, usiweze kufunga, wala kutoa, wala kuimba katika kwaya, je, ungebaki na nini mbele za Mungu? Kama jibu ni “sina kitu,” basi umejenga juu ya mchanga, hata kama kanisa lote linakusifu.

Na wewe uliyekata tamaa, kama yule mama, usingoje mpaka jina lako liingie katika karatasi. Njoo mikono mitupu. Hiyo ndiyo mikono inayoweza kupokea.

Yule mama tulimsomea Warumi 4, polepole, mara mbili. Akatuuliza: “Na yale mabati?” Tukamwambia: “Mama, lile ni jambo la kamati ya ujenzi, nayo imekusamehe. Deni lako kwa Mungu lililipwa Golgota.” Akanyamaza muda mrefu. Siku ya Mungu iliyofuata hakuja. Ile ya pili alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango, na wimbo ulipoanza akaimba. Kama ataleta mabati siku moja, tutayapokea kwa furaha. Hatumuulizi.

Tuombe: Baba, tulikuletea hesabu zetu, na zote zilikuwa pungufu. Tunapokea haki ya Mwana wako. Utufundishe kutenda mema kama watoto, si kama watu wa kibarua. Katika jina la Yesu. Amina.

Usomaji wa nyumbani juma hili: Mwanzo 15, 17 na 22, Warumi 4, Yakobo 2:14-26. Someni kwa utaratibu huo, na mtu mmoja nyumbani aandike miaka ya Ibrahimu. Mungu awabariki.