Petroli au Dizeli? Rekodi za Injini Zinavyosomeka Tabora

Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba. Safari iliwachukua siku 134. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika tarehe 23 Juni, na akaonekana mwepesi. Njia hiyo iliendeshwa na miguu ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mashuhuri kuliko wote, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi. Leo familia ikitoka Dar es Salaam alfajiri na gari dogo, ikapita Dodoma, Manyoni na Itigi, takriban kilomita 850 zote zikiwa lami, inalala Tabora siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali limebadilika. Mtu aliyejikusanyia fedha za gari la familia, lenye milango minne na buti la kuweka magunia mawili na mabegi ya watoto, anauliza: nichukue injini gani? Petroli au dizeli, cc ngapi? Majibu mengi mtaani yametokana na sifa: dizeli haifi, petroli ina mbio, Mzungu ametengeneza hivi, Mjapani vile. Nimekusanya hapa rekodi zenyewe, za dunia na za Afrika Mashariki, kwa sababu naamini zinasema jambo ambalo wauzaji wa magari hawalisemi. Injini bora huamuliwa na mafuta yanayofika kwenye tangi lake pamoja na fundi anayeifungua, na Tabora ina mafuta yake na mafundi wake.

Za kwanza

Gari la kwanza kuvuka Afrika kutoka bahari hadi bahari lilianzia nchini kwetu. Luteni Paul Graetz wa jeshi la Wajerumani aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1909. Gari lilikuwa la kiwanda cha Gaggenau, la petroli. Siku 630 ni nyingi kuliko zile 134 za Burton, lakini Graetz alitafuta njia mahali ambapo hakuna gurudumu la injini lililowahi kupita.

Dizeli ilichelewa kuingia kwenye magari madogo. Rudolf Diesel alikuwa na injini inayofanya kazi vizuri mwaka 1897, ila ilikuwa kubwa na nzito, ya kuendeshea viwanda na baadaye meli. Uzito huo una sababu. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi hizo: inabana hewa hadi iwe ya moto mkali, kisha mafuta yanamwagiwa humo na kulipuka yenyewe. Kubana namna hiyo kunataka bloku nene na krenki imara. Mercedes-Benz 260 D, iliyoonyeshwa Berlin Februari 1936, ndiyo huhesabiwa gari la abiria la kwanza la dizeli kutengenezwa kwa mauzo. Ilikuwa na nguvu farasi 45 tu kutoka cc 2,545. Lakini ilikula lita 9.5 kwa kilomita 100 wakati ndugu yake wa petroli alikula 13, na madereva wa teksi wakawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Tangu siku hiyo hesabu haijabadilika sana: dizeli inamlipa mtu anayeendesha gari mchana kutwa.

Iliyotembea kuliko zote

Hapa ndipo wengi wanapodhani wanajua jibu. Gregorios Sachinidis, dereva teksi wa Ugiriki, alikuwa na Mercedes 240 D ya mwaka 1976. Alipoikabidhi kwa makumbusho ya kampuni mwaka 2004, ilikuwa imetembea kilomita milioni 4.6. Habari hii husimuliwa kila mara kuthibitisha kwamba dizeli haifi. Kinachoachwa ni kwamba alikuwa na injini tatu zilizokuwa zikipokezana: moja ikifanya kazi, nyingine zikifanyiwa oveholi. Kilichodumu ni gari, pamoja na bidii ya mwenyewe.

Na rekodi ya dunia si ya dizeli. Irv Gordon, mwalimu wa New York, alinunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966, akafikisha maili milioni tatu mwaka 2013, yaani kilomita milioni 4.8 na zaidi, kwa injini ya petroli ya cc 1,800 hivi. Alibadilisha oili kwa wakati na akafuata kitabu cha matengenezo bila kuruka ukurasa.

Injini ya ukoo huo huo wa Volvo, ile inayoitwa B18, tunaifahamu huku kwetu. Ndiyo iliyokuwa kwenye PV544 kuukuu ambayo Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishindia mbio za magari za East African Safari mwaka 1965. Ninapoulizwa kama petroli inadumu, huwa nataja magari hayo mawili pamoja, kwa kuwa moja lilipigwa na tope la Afrika Mashariki na jingine likapigwa na miaka.

Mtihani mgumu kuliko yote

East African Safari ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi hakukuwa na mbio za magari zilizoogopwa kama hizo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968, mwaka wa mvua, yakaanza 93, na yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili Nick Nowicki na Paddy Cliff ndio walioshinda, kwa Peugeot 404. Katikati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa 404 pia. Ushindi mara nne kwa gari la familia la milango minne, lenye injini ya petroli ya cc 1,618.

Tazama ukubwa huo wa injini. Haukuwa mkubwa. Siri ya 404 ilikuwa springi zake ndefu, bodi ngumu na mpangilio ambao fundi angeweza kuufikia kwa spana za kawaida. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas kwa 504 ya V6. Joginder naye aliongeza ushindi wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1,600. Hayo yote ni ya petroli, na nusu yake na zaidi hayafiki hata cc 2,000.

Peugeot hawakuiacha dizeli nyuma, ila waliipeleka kwingine. Mwaka 1965, huko Montlhéry karibu na Paris, walichukua 404 ya dizeli, wakaikata ibaki na kiti kimoja, wakavunja rekodi 40 za mwendo wa muda mrefu. Kisha wakatoa 504 yenye injini za aina zote mbili, ya petroli ya cc 1,796 au 1,971 na ya dizeli hadi cc 2,304. Ufaransa iliacha kutengeneza saloon hiyo mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha. Wazee wengi wa huku walijifunza kuitambua 504 ya dizeli kwa mlio kabla ya kuiona.

Mbali zaidi kwa tangi moja

Hili ndilo eneo ambalo dizeli haina mpinzani. Mwaka 2010 mwandishi wa Uingereza, Gavin Conway, aliendesha Volkswagen Passat ya dizeli ya cc 1,600 kwa karibu kilomita 2,457 bila kuongeza mafuta, kwa tangi la lita 77. Mwaka 2025 Miko Marczyk wa Poland, dereva wa mbio, akaipita kwa Škoda Superb ya dizeli: kilomita 2,831 kwa tangi la lita 66. Yote mawili ni magari ya familia, yanayouzwa dukani. Mwendo wa Škoda hiyo ungekutoa Tabora hadi Dar, ukarudi, ukaenda Dar tena, na mafuta yakabaki ya kufika Morogoro na kuvuka.

Kwa nini basi nisimshauri mtu wa Tabora aagize gari la namna hiyo? Kwanza, ndani ya lita moja ya dizeli mna nishati zaidi ya petroli kwa asilimia kumi na kitu, na injini yake inaitumia vizuri zaidi, hilo ni kweli. Lakini dizeli za leo zinafikia hapo kwa nozeli zenye matundu membamba sana, kwa presha ya kutisha, na kwa kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Ulaya zinaendeshwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki tangu Januari 2015 ni 50. Ni hatua kubwa na ya kupongezwa, lakini bado ni mara tano.

Na kuna uchakachuaji. Mtu akichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, lori la zamani linakohoa na kuendelea. Nozeli ya kisasa inakwaruzika, kwa sababu mafuta ya taa hayana ulainisho ambao pampu inautegemea. Ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuyachanganya ife. Hali imekuwa bora tangu hapo. Lakini anayesafiri Sikonge hadi Mpanda, au Urambo hadi Kaliua, akiwa na tangi linalokaribia kukauka, hachagui kituo. Pampu na nozeli za kisasa zikiharibika, mtambo wa kuzipima unaweza kuwa Mwanza au Dar.

Iliyoenea kuliko zote

Toyota Corolla ilizaliwa mwaka 1966 na injini ya cc 1,077. Kufikia 2021 yalikuwa yameuzwa magari zaidi ya milioni 50 yenye jina hilo, na hakuna jina jingine la gari lililofika hapo. Kwetu, hata hivyo, mshindi halisi ni injini: 1NZ-FE, petroli, cc 1,496, silinda nne. Fungua boneti ya IST, Raum, Probox, Fielder, Allion au Premio ya cc 1,500 na utaikuta humo. Mzazi wa Tabora anayenunua Premio yenye injini hii ananunua pia stoo nzima ya vipuri iliyotapakaa nchini, na mafundi walioifungua mpaka wakaizoea. Kwenye lami, dereva mtulivu hupata kati ya kilomita 13 na 16 kwa lita.

Wengi wanajiuliza kwa nini Premio ya dizeli haionekani. Ilikuwepo. Corona Premio ya miaka ya 1996 hadi 2001 iliuzwa Japani ikiwa na chaguo la dizeli. Toleo lililofuata, kuanzia mwisho wa 2001, halikuwa nalo. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni dhidi ya moshi wa dizeli akitembea na chupa ya masizi mbele ya kamera, na Oktoba 2003 sheria kali zikaanza katika eneo hilo. Ingawa malori na mabasi ndiyo yaliyolengwa, mnunuzi wa gari dogo aliichukia dizeli, viwanda vikaiondoa. Mazda ilipoirudisha kwenye Atenza mwaka 2012, soko la Afrika Mashariki lilikuwa limeshazoea petroli. Kwa sababu tunanunua mitumba ya Japani, uchaguzi wetu ulishafanywa Tokyo.

Yenye kiu kuliko zote

Toyota Brevis na Crown zinapendwa, na ninaelewa: zimetulia barabarani na viti vyake vinamfaa mzee mwenye mgongo. Crown ya V6 ya cc 2,500 ina nguvu farasi zaidi ya 200. Lakini ushuru wa bidhaa wa TRA umekuwa ukipangwa kwa ukubwa wa injini: gari lisilozidi cc 1,000 bila ushuru huo, hadi cc 2,000 asilimia 5, na juu ya hapo asilimia 10, kabla ya nyongeza ya umri wa gari. Baada ya kodi kuna kiu ya kila siku, na baada ya kiu kuna herufi D4. Brevis ya 1JZ-FSE na Premio ya cc 2,000 ya 2001 zina D4, yaani zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Petroli chafu inaidhuru pampu hiyo kwa namna ile ile dizeli chafu inavyoidhuru injini ya dizeli ya kisasa. Anayetaka Premio kubwa kidogo achukue ya cc 1,800.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa hewa nyepesi. Kwa nchi tambarare kama ya Unyamwezi, cc 1,500 bado zinatosha familia ya watu watano.

Yenye mbio kuliko zote

Dizeli ilishinda saa 24 za Le Mans kwa mara ya kwanza mwaka 2006, kwa Audi R10. Agosti ya mwaka huo huo Andy Green aliendesha JCB Dieselmax kwenye chumvi ya Bonneville, Marekani, kwa kilomita 563 kwa saa, kwa injini mbili zilizotokana na zile za mitambo ya kuchimbia mitaro.

Lakini mbio hizo hazimsaidii mnunuzi wa huku. Nani basi achukue dizeli Tabora? Mnunuzi wa tumbaku au asali anayeingia porini kila wiki na mzigo, na asiye na muda wa kuhesabu mashimo. Huyo achukue Land Cruiser ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, inayotengenezwa tangu 1990, yenye pampu ya kizamani na isiyo na turbo. Mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa reli anayekwenda kazini, sokoni, na Dar mara moja au mbili kwa mwaka, achukue petroli ya cc 1,500, iliyo na kumbukumbu za oili, na aikague gasketi ya silinda hedi kabla ya kutoa fedha.