Cinderella Aliyekwenda Dansani Kutafuta Wateja

Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji habari za senema tuliyoonyeshwa bwaloni Jumamosi moja ya muhula huu, kwa kuwa siku ya pili yake bweni letu lilibishana juu yake mpaka kengele ya kulala. Wenzangu wengi walisema ni upuuzi mtupu. Mimi nilikuwa upande wa pili, nao ulikuwa na watu wachache.

Hadithi yenyewe ni kongwe. Mfaransa Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697, na tangu hapo kila mtoto anaijua: mama wa kambo mkali, boga linalogeuka gari, kiatu cha kioo, na mwana wa mfalme. Senema hii ilitoka mwaka 2021. Aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamke wa Kimarekani, Kay Cannon, na anayecheza Ella ni mwimbaji Camila Cabello, mzaliwa wa Cuba. Katika mji wao wamo watu wa kila rangi, wala hakuna anayemwuliza mwenziwe ametoka wapi. Yule mfadhili wa miujiza, ambaye katika vitabu huwa bibi mwenye kijiti, safari hii ni mwanamume, Mmarekani mweusi Billy Porter, naye amevaa gauni la kumeremeta. Alipotokea, bwalo zima liliangua kicheko hata mwalimu wa zamu akainuka kitini. Ella anapolalamika kwamba viatu vya kioo vinamwumiza, anajibiwa kuwa viatu vya wanawake hata miujiza haiviwezi!

Lakini kichekesho si kitu kilichonishika. Kilichonishika ni kwamba Ella huyu ana ufundi. Anakaa chumba cha chini ya nyumba, na huko anashona, naye anataka duka lenye jina lake mlangoni. Anapopeleka gauni sokoni watu wanamzomea, maana katika nchi ile mwanamke hafanyi biashara. Hapo ndipo anapotokea Robert, mwana wa mfalme, aliyejivika nguo za raia. Analinunua gauni lile, kisha anamshauri aje dansani, kwa sababu watakuwapo wageni wa nchi nyingi wenye fedha zao. Basi Ella anakwenda dansani kutafuta wateja, na anampata mmoja mkubwa, Malkia Tatiana, anayependezwa na kazi yake. Usiku uo huo Robert anamtaka awe mkewe. Ella anataka kujua kazi yake itakuwaje. Akiisha kufahamu kwamba mke wa mwana wa mfalme hawezi kuwa na duka, anakataa.

Bwaloni wasichana walipiga kelele, "Mjinga huyu!"

Nami nilinyamaza, kwani mama yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake imekaa barazani tangu sijaanza darasa la kwanza, na sare niliyovaa nikiandika haya ameishona yeye. Mwaka huu ninamaliza kidato cha nne, na baba mdogo amekwisha kusema mara nyingi kwamba kushona ni kazi ya waliofeli. Sijapata bado jibu la kumpa.

Mtu wa kutazamwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mama wa kambo, Vivian, anayechezwa na Idina Menzel. Perrault alisema tu kwamba ana kiburi na wivu. Senema hii imempa historia. Zamani alikuwa hodari wa kupiga piano, akaenda kusomea muziki, na aliporudi mume wake hakumtaka tena. Tangu hapo anaamini kwamba mwanamke hana kinga ila ndoa, na hivyo ndivyo anavyowafundisha binti zake. Anapolimwagia wino gauni la Ella, anadhani anamwokoa. Katika ubishi wetu hakuna aliyemtaja hata mmoja, nami naona tulikosea.

Senema ina kasoro zake. Nyimbo nyingi ni za redioni za siku zilizopita, zikaingizwa tu humo. Gwen, dada yake Robert, ndiye mwenye akili ya kutawala, na mwishoni mfalme anamfanya mrithi kwa kuwa Robert hakitaki kiti, bali anataka kusafiri na Ella. Lakini kabla ya hapo amepewa dakika chache mno, na kila akisema jambo la maana ananyamazishwa kwa mzaha. Tena, sikumbuki kumwona Ella akimpima mtu hata mmoja kwa futi. Fundi gani huyo?

Likizo fupi nilipokwenda nyumbani nilimsimulia mama hadithi yote, yeye akipinda lindo. Alisikiliza bila kuinua kichwa mpaka nilipofika kwa Malkia Tatiana. Akasimamisha cherehani, akaniuliza kama malkia alitoa arubuni. Nikamwambia hawakuonyesha.

"Basi bado," akasema, akaendelea kushona.