Mfinyanzi Hafichi Ufa

Mwanafunzi aketipo mezani kuandika ana kalamu mbili tatu, penseli na rula. Aziweke wapi? Mara nyingi huanguka chini na kuvunjika ncha, ama hutupwa ndani ya kopo tupu lililoota kutu. Lakini udongo ulio chini ya miguu yetu waweza kutupatia chombo kilicho bora. Tena katika nchi yetu ya Maniema, udongo na kalamu vilikwisha kukutana zamani, katika mambo yaliyo mazito.

Mwaka 1871 msafiri Mskoti David Livingstone alikaa Nyangwe, ng'ambo hii ya mto Lualaba, si mbali na Kasongo. Alipenda sana kwenda sokoni kutazama watu. Aliwaona wanawake wafinyanzi wakija na mizigo mikubwa ya vyungu, imefungwa kwa kamba mabegani na kwenye paji la uso, na mikono yao imejaa vitu vingine. Mnunuzi akija, mfinyanzi hukigonga chungu chake pande zote, kilie mbele yake, apate kujua ya kuwa hakina ufa hata mmoja. Mgeni yule alistaajabu kuona jinsi vilivyo mviringo kamili, ingawa havikutengenezwa kwa mashine yo yote. Akanunua mitungi midogo miwili ya maji, kwa uzi mmoja wa ushanga.

Basi, mtu huyo aliyepata vyombo vizuri kwa urahisi hakuwa na wino. Tangu Julai 1870 hata Februari 1871 alikuwa amekaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Vidonda vya miguu vilimfunga kitandani muda mrefu. Karatasi zake zilikwisha, na wino ukakwisha. Hakuacha kuandika. Alichukua gazeti kuukuu la London, akaandika juu yake, akikata kwa mistari yake ile mistari iliyopigwa chapa. Wino wake ulikuwa maji mekundu ya zingifuri, rangi ya mbegu ambayo watu waliitumia kutia nguo rangi.

Tarehe 15 Julai 1871 wino huo ulipata kazi ya kuhuzunisha. Watu wenye bunduki, waliokuwa chini ya wafanya biashara wa pwani, waliwafyatulia risasi watu waliojaa soko la Nyangwe. Wengi wao walikuwa wanawake. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, na mto ukawachukua. Livingstone alisikia hesabu ya watu mia tatu au mia nne waliokufa. Katika soko lile lile ambamo vyungu vilikuwa vikigongwa kwa furaha, sasa kilio ndicho kilichosikika. Aliyaandika aliyoyaona. Habari zake zilipofika Uingereza ziliwaghadhibisha watu wengi, nazo zilisaidia kuleta mapatano ya Juni 1873, ambayo kwayo Sultani wa Unguja alilifunga soko la watumwa.

Lakini wino wa zingifuri si wino wa kudumu. Ulififia kwa miaka, hata maandiko yakawa karibu hayasomeki. Wataalamu wakayapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho yetu, na mwaka 2011 wakayatoa hadharani. Ndivyo ushuhuda wa wale akina mama ulivyosomwa upya baada ya miaka 140.

Tuvuke bahari sasa, twende Japani, nchi aliyoifikia Mtakatifu Fransisko Ksaveri tarehe 15 Agosti 1549. Huko mfinyanzi huheshimiwa kama fundi mkuu. Wafinyanzi wa Bizen huchoma vyombo vyao katika tanuru kwa kuni za msonobari, usiku na mchana, siku kumi na zaidi, mpaka joto lipite digrii 1,200. Hawavipaki rangi, majivu na ndimi za moto ndizo zinazovipamba. Nao Wajapani walioandika kwa brashi walihitaji kichombo kidogo cha kudondoshea maji juu ya jiwe la kusagia wino. Leo mafundi wa namna hiyo hutengeneza pia vyombo vya kusimamishia kalamu, na watu huviweka mezani kwa fahari.

Je, sisi hatuwezi? Moto wetu wa majani na kuni, uwashwao uwanjani, haufikii joto la tanuru, kwa hiyo mtungi wetu huvuja jasho kidogo na kuyapoza maji. Kwa wino, chombo cha namna hiyo hakifai, maana kingeunyonya. Lakini kwa kalamu kavu kinafaa kabisa. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uondolee mawe na mizizi, uchanganye na vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Fanya kitako kipana, kisipinduke. Kimo chake kipite kidogo nusu ya kalamu. Kikaushe kivulini polepole siku nyingi, ndipo kichomwe. Na kwanza ya yote, nenda kwa bibi ajuaye kazi hiyo, uketi miguuni pake, umwombe kwa adabu akufundishe. Ndoo za plastiki na masufuria vimechukua mahali pa vyungu katika nyumba nyingi, na bibi akifa bila mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Kisha kigonge chombo chako, kama walivyofanya akina mama wa Nyangwe. Kikilia vema, kizima. Kikitoa sauti ya kukwaruza, kina ufa. Usikiuze kwa jirani yako, wala usiuzibe ufa kwa matope ili kumdanganya.

Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi ili ajifunze jinsi Mungu anavyotushika mikononi mwake, na kutufinyanga upya tunapoharibika. Enyi wanafunzi, kila mtwaapo kalamu katika chombo hicho, wakumbukeni wanawake wale waliouza bila kuficha ufa, mkawaombee raha ya milele. Nayo kalamu yenu iandike yaliyo kweli, hata kama wino ni haba.